Kushona Nguo: Kutoka Kazi ya Jioni Hata Kuwa Kazi ya Kutwa

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wazee, walimu na wenyeji wa Wilaya ya Masasi)



Tumeombwa tueleze habari ya kazi ya kushona nguo, na jinsi mtu aliyeianza kwa saa za jioni, baada ya kazi yake nyingine, awezavyo kuifanya iwe kazi yake ya kutwa. Waliotuita twadhani walisikia ya kuwa sisi ni watu waliokwisha kufaulu. Hatujafaulu bado. Barua yetu ya kuacha ukarani tuliipeleka mwanzoni mwa mwezi huu wa Oktoba, na zile siku 28 za notisi, ambazo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mtu alipwaye kwa mwezi asizipunguze, hazijatimia. Basi leo mnasikiliza watu ambao mguu mmoja u ofisini na wa pili u juu ya cherehani. Huenda ndiyo faida ya hotuba hii, maana aliyekwisha kuvuka mto husahau kina chake.

Kwanza maneno machache juu ya kazi yenyewe, kwa kuwa wako wanaoidharau. Katika karne ya 19 nguo iliyotawala pwani hata bara ilikuwa merikani, kitambaa kigumu cha pamba kilicholetwa na merikebu za wafanyabiashara wa Salem, Marekani. Mwaka 1833 Sultani Sayyid Said alifanya mkataba wa biashara na nchi hiyo, nayo biashara ikakua mpaka vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hata 1865, vilipoivuruga. Mwaka 1851 Isaac Singer alipata hati ya cherehani yake, na kampuni yake ikazoea kuuza cherehani kwa malipo ya kidogo kidogo, kwa sababu bei yake ilikuwa kubwa kuliko mkono wa mtu wa kawaida. Huku kwetu fundi alipata mahali pake barazani mwa duka la nguo. Mteja hununua kitambaa ndani, akatoka nacho nje, akapimwa hapo hapo. Mpaka leo ukitembea mji wowote mdogo utawaona mafundi wamekaa vivyo hivyo, nao hawakukaa hapo kwa uvivu. Wamekaa pale kitambaa kinapotoka.

Sisi tulijifunza kushona katika shule ya misheni, pamoja na useremala kidogo ambao hatukuufaidi. Tulipopata ukarani tulinunua cherehani ya miguu iliyokwisha kutumika, tukaiweka chumba cha mbele. Kwa muda wa miaka 8 sasa tumeshona kila siku kuanzia saa 11 jioni mpaka saa 4 usiku, na Jumamosi kutwa. Mwenzetu wa nyumbani hukata vifungo, huzungusha pindo kwa mkono, hupiga pasi. Mwanzoni tulishona chochote kilicholetwa: gauni la harusi, suruali iliyochanika, pazia, hata mfuko wa kubebea mahindi. Fedha iliingia, ikatoka, wala hatukujua ilikopita. Tulisema, "Biashara yaenda vizuri," kwa sababu mfukoni hapakukosa noti. Walakini noti zile nyingine zilikuwa za mshahara, na nyingine zilikuwa za mteja aliyetupa tumnunulie kitambaa.

Ndugu zetu, hapa ndipo shida ya kazi ya jioni ilipo. Mshahara huificha hasara. Mtu mwenye mshahara aweza kushona kwa hasara miaka 10 asijue, maana kila mwisho wa mwezi shimo hufukiwa na ofisi. Siku aachapo ofisi, shimo hubaki wazi.

Na tutoe mfano wa sketi moja ya bluu ya mwanafunzi. Tuseme kitambaa mita moja ni shilingi 5,000, zipu shilingi 500, kifungo shilingi 100, uzi na kitambaa kigumu cha kiunoni shilingi 400. Jumla shilingi 6,000. Mkiiuza kwa shilingi 11,000, fundi husema, "Nimepata 5,000." Haya, ashone sketi 4 kwa siku, maana marinda yataka kukunjwa na kupigwa pasi, nayo hula saa 2 kwa kila sketi. Kwa siku 25 atapata shilingi 500,000. Atoe kodi ya kibanda 60,000, umeme 25,000, sindano na mafuta na matengenezo ya cherehani 20,000. Zitabaki shilingi 395,000. Ni fedha ya kumtia mtu tamaa, na wengi huandika barua ya kuacha kazi wakiwa wameitazama hesabu hii.

Lakini hesabu hii ni ya mwezi wa Januari. Mwezi wa Aprili mvua inanyesha, watoto wamekwisha kuvaa, fedha ya korosho imekwisha kuliwa. Fundi huyo huyo akipata sketi 30 mwezi mzima, ana shilingi 150,000, naye kodi na umeme na mafuta havikupungua: atoe tena 105,000, abaki na 45,000. Kwa fedha hiyo atakula nini, na watoto wake watakula nini? Kwa hiyo mtu asipime biashara ya nguo kwa mwezi mmoja, wala kwa miezi 3. Aipime kwa mwaka mzima uliozunguka, wenye Januari yake na Aprili yake.

Majira ya kazi hii sharti mtu ayajue kama mkulima ajuavyo mvua. Desemba na Januari ni sare za shule. Julai muhula wa pili hufunguliwa, huja kazi kidogo. Pasaka na Krismasi huleta gauni za watoto na majoho ya kwaya, na kipaimara huleta nguo nyeupe. Idi huleta kanzu na madera, nayo haikai mwezi mmoja: huja mapema zaidi kwa siku kama 11 kila mwaka, basi fundi asiyeangalia kalenda hushtuka wateja wamejaa mlangoni naye hana hata jora moja. Na kwetu huku Kusini lililo kubwa kuliko yote ni korosho. Tangu mwaka 2007 korosho huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Mkulima hupeleka kwa chama cha msingi, korosho huwekwa ghalani, hupigwa mnada, kisha malipo hufika katika akaunti yake. Kati ya kupeleka na kulipwa kuna majuma ya kungoja. Katika msimu wa mwaka 2018 minada ilivurugika, na wakulima wengi wakangoja fedha zao mpaka mwaka 2019. Fundi aliyekuwa amewakopesha nguo kwa ahadi ya korosho alingoja pamoja nao, naye hakuwa na shamba la kumpa muhogo.

Tumeulizwa mara nyingi, "Na mitumba je? Mtu atashonaje shati la shilingi 15,000, na sokoni shati la Ulaya lauzwa 3,000?" Swali hili ni la haki. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliafikiana ya kuwa uingizaji wa mitumba upunguzwe mpaka ukome. Mafundi wengi walifurahi. Mwaka 2017 Kenya ikajitoa katika mpango huo. Rwanda ilishikilia, ikapandisha ushuru, na mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia ruhusa ya kuingiza nguo zake huko bila ushuru. Mitumba ikabaki sokoni kwetu, nayo tunaivaa hata sisi wenyewe. Koti tulilovaa leo ni la mtumba, hatutaki kuwadanganya.

Basi tuliacha kushindana na robota. Tulijiuliza, ni nguo gani haiwezi kutoka katika robota? Robota halileti sketi 40 zenye bluu moja. Halileti shati lenye nembo ya shule yenu. Halileti majoho 25 ya kwaya yenye msalaba wa rangi ya dhahabu, wala sare za kitenge za ndugu wa bwana arusi, wala kanzu ya mzee ambaye bega lake moja limeshuka. Hizo ndizo nguo za fundi. Tangu tulipoacha kushona mashati ya kuuza sokoni, tukashika sare za shule na za kwaya, kazi yetu ilipungua aina ikaongezeka wingi. Na kwa shule, mnakumbuka ya kuwa kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ada ilifutwa kuanzia Januari 2016, watoto wakajaa madarasani. Sare haikufutwa, yanunuliwa na mzazi. Walimu mlioko hapa mwajua vema ni watoto wangapi wanaohitaji shati jeupe kila Januari.

Kushona sare ni kazi tofauti na kushona gauni moja moja. Hapana budi kuwa na karatasi za vipimo zilizokatwa tayari, kwa kila kimo cha mtoto, zimetundikwa ukutani. Vitambaa 10 hutandikwa kimoja juu ya kimoja, hukatwa mara moja kwa mkasi mkubwa. Mkipanga karatasi kwa akili, kipande cha mfuko kikaingia katika pengo la kiuno, mtapata sketi 10 kwa mita 9, na ile mita moja iliyobaki ndiyo faida ambayo mteja haioni. Mmoja hukata, mmoja hushona, mmoja hupiga pasi. Asiinuke mtu kwenda kutafuta chaki. Na kitambaa chote cha shule moja kitoke katika majora yaliyotiwa rangi pamoja. Sisi tuliwahi kununua jora la kwanza Desemba na la pili Januari, duka lile lile, namba ile ile. Watoto waliposimama mstarini asubuhi, nusu walikuwa bluu ya bahari na nusu bluu ya usiku. Mwalimu mkuu hakusema neno. Alitushika mkono, akatuonyesha tu. Kadhalika pamba nyeupe ya bei rahisi hurudi ikifuliwa. Ilowekeni majini usiku mmoja na kuianika kabla ya kuikata, la sivyo mikono ya shati itapanda hata kiwiko kabla ya Pasaka.

Sasa twafika katika jambo lililotufundisha kuliko yote, nalo twalisema kwa shida.

Mwaka wetu wa nne shule moja, hatutaitaja, ilitupa kazi ya sketi 80 na mashati 80. Sketi kwa shilingi 11,000, mashati kwa 10,000, jumla shilingi 1,680,000. Hatujapata kuona kazi kubwa kama hiyo. Hatukuandikiana hati, maana tulijuana. Hatukuomba arubuni, maana tuliona haya. Tulichukua akiba yetu yote, kilichopungua tukakopa kitambaa kwa mwenye duka, tukaajiri vijana 2, tukashona usiku wiki 4. Ofisini tulisinzia mezani, tukaonywa mara moja. Nguo zikafika kwa siku, watoto wakavaa, sisi tukangoja. Januari ikaisha. Februari tukaambiwa wazazi hawajamaliza kutoa. Machi tukaambiwa mhasibu amesafiri. Mwenye duka alikuwa mtu wa heshima. Alikuja nyumbani jioni, akakaa, akanywa chai, hakudai kitu, akaondoka. Yeyote aliyepata kudaiwa ajua ya kuwa chai ile ilikuwa chungu kuliko matusi.

Usiku ule mama watoto alituuliza, "Baba watoto, tangu lini tumekuwa benki ya shule?"

Tukamjibu, "Watalipa, mama. Ni watu waliosoma."

Akasema, "Na mwenye duka naye kasoma. Yeye tutamlipa kwa nini?"

Tulimlipa kwa mshahara wa ukarani, miezi 3 mfululizo, na vijana wale 2 tukawalipa kwa kuuza baiskeli. Shule ililipa mwezi wa Juni kwa mafungu 3, jumla shilingi 1,400,000. Zile 280,000 zilizobaki hatukuziona mpaka leo, wala hatuzidai tena, maana viongozi wamebadilika na karatasi hakuna. Hatuilaumu shule peke yake. Mtu akimpa mwenziwe mali bila hati na bila arubuni, amemjaribu.

Tangu siku hiyo hatukati kitambaa kabla ya kupokea nusu ya bei. Nusu hiyo hulipa kitambaa chote, basi hata kama mteja akikimbia, kilichopotea ni jasho letu, si mali ya mwenye duka. Tuliogopa ya kuwa wateja watatukimbia. Wachache walikimbia. Wengi wao walikuwa wale wale ambao wangekimbia baadaye. Na hati ni karatasi moja tu: idadi, vimo, rangi, bei, tarehe ya kukabidhi, tarehe ya kulipa, sahihi 2. Walimu na wazee wa vijiji, mkiagiza sare kwa fundi, twawaomba msikasirike akiwaletea karatasi hiyo. Hakuwadharau.

Jamaa nao wana sura yao. Shangazi aja kuchukua kitambaa cha gauni, asema, "Mwanangu, nitakupa mwisho wa mwezi," naye hasemi ni mwezi gani. Huwezi kumwambia shangazi alete arubuni. Sisi kila Januari hutenga fungu la jamaa katika daftari, kiasi kinachojulikana, na kila atakachochukua jamaa huandikwa humo kama zawadi. Fungu likiisha, limeisha, tunamwambia mtu aliyekuja nyuma, "Mama, mwaka huu mkono umefika ukingoni, tuombe uzima." Wengine wamenuna. Lakini hakuna aliyeweza kusema hatukumpa mtu kitu.

Daftari lenyewe ni la kawaida, la kurasa 200, lenye mistari. Upande huu fedha iingiayo, upande huu itokayo, kila jioni, hata ikiwa ni uzi wa shilingi 300. Fedha ya kazi hukaa katika sanduku lake, na ile ya simu katika laini yake peke yake, maana siku hizi wateja wengi hulipa kwa simu, na fedha ya simu ikichanganyika na salamu za nyumbani haitambulikani tena. Tena daftari lina faida mbele ya Mamlaka ya Mapato: kodi ya mfanyabiashara mdogo hukadiriwa kwa mauzo ya mwaka, na yule atunzaye hesabu hakadiriwi sawa na asiyetunza. Namba ya mlipa kodi na leseni ya halmashauri tulizichukua wakati bado tuna mshahara. Jina la biashara tuliliandikisha BRELA. Shule kubwa haziwezi kumpa kazi mtu asiye na karatasi hizo, hata akishona kama malaika.

Jinsi tulivyokata shauri la kuacha kazi, twataka tuieleze taratibu, kwa kuwa ndiyo iliyo shabaha ya hotuba.

Tulijipa mtihani. Tulisema, kwa mwaka mzima tutaishi kwa cherehani tu: unga, mafuta, sabuni, ada, dawa. Mshahara utaingia SACCOS, nao hautaguswa. Tulianza mwezi wa Februari, miaka 2 iliyopita. Februari na Machi tuliweza. Aprili ikafika, mtoto akaugua, sanduku likawa tupu, tukaenda SACCOS tukatoa fedha. Mtihani tukaanguka mwezi wa tatu. Tuliona aibu, lakini daftari halikuona aibu. Lilituonyesha wazi ya kuwa Januari ile tulipata fedha nyingi tukanunua kochi. Kochi lile lilikuwa unga wa Aprili.

Basi tulianza tena mwezi wa Oktoba mwaka jana. Safari hii faida ya kila mwezi mnono tuliigawa: sehemu ya kula mwezi huo, na sehemu ya kuwekwa kwa miezi ya njaa. Tukatafuta kazi ya kujaza Aprili na Mei, tukaipata katika majoho ya kwaya, kwa kuwaomba viongozi wa kwaya waagize baada ya Pasaka wakati tuna nafasi, nasi tuwapunguzie bei. Tukanunua ovaloki, ile mashine ifungayo nyuzi za pembeni zisifumuke, kwa fedha iliyokuwa ikirundikana kutoka mshaharani. Hiyo ndiyo mara ya pekee mshahara uliguswa, nao haukuliwa. Mwezi wa Septemba mwaka huu mwaka ulizunguka. Tulikula, tulisomesha, tuliugua na kupona, kwa cherehani. Si kwa anasa. Mwezi wa Mei tulikula ugali na mlenda kuliko tulivyopenda, na watoto walilijua hilo.

Tulipokwenda kumweleza baba yetu, mzee wa miaka mingi, alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Mwanangu, kalamu haichomi kidole. Sindano yachoma."

Tukamwambia, "Baba, ni kweli. Lakini kalamu ni ya mwenye ofisi, sindano ni yetu."

Akauliza, "Na ukiugua?"

Kwa swali hilo hatukuwa na jibu, nalo ni swali la haki kuliko yote tuliyoulizwa. Kadi ya bima tuliyopewa kwa ajili ya kazi itakoma. Mchango wa uzeeni ambao mwajiri alituongezea kila mwezi utakoma nao. Mtu alinganishaye mshahara na faida ya cherehani asisahau vitu hivi viwili, maana havionekani katika noti. Tulirudi nyumbani, tukaongeza katika daftari mistari 2 mipya: bima ya jamaa nzima, na akiba ya uzeeni. Faida ikapungua, tukaisumbukia tena hesabu usiku 2. Ilitosha, lakini kwa shida, na kwa sharti la kupata shule moja zaidi. Shule hiyo tumeipata mwezi wa Agosti, nayo imetoa nusu. Ndipo tulipoandika barua.

Wako waliotushauri tukope benki tununue cherehani 5 kwa pamoja. Hatukukubali. Cherehani 5 zataka mafundi 5, na mafundi 5 wataka kula Aprili. Tuna cherehani 2, ovaloki moja, na kijana mmoja ajifunzaye ambaye sasa akata mashati vizuri kuliko sisi. Kwa kina mama na vijana walio katika vikundi, iko mikopo ya halmashauri isiyo na riba, itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024. Ni msaada mwema, walakini kikundi kisikope kabla ya kujua Aprili yake.

Zimebaki siku 12 za ukarani. Tumeanza kumwonyesha karani mwenzetu mahali majalada yalipo. Jora la bluu la shule tatu limekwisha kununuliwa, yote ya rangi moja, tuliyatazama juani mlangoni mwa duka kabla ya kulipa. Korosho zimeanza kwenda ghalani. Walimu wenye orodha za vimo vya watoto wa Januari, twaomba mtuletee kabla ya Novemba kwisha. Ubao wa kupimia tumeuleta hapa leo, uko nyuma ya mlango, na anayetaka kuuazima kwa shule yake aandike jina lake kwa mama watoto aliyekaa pale mwisho.